Mapazia ya Nyumba ya Jaji

"Glavu ni yako au si yako?"

"Ni yangu. Nimeshakuambia mara ngapi, Gideon? Marehemu mke wangu ndiye aliyeifuma. Katika mji mzima wa St. John's hakuna mwingine aliyekuwa anakosea kidole gumba namna ile."

Inspekta Gideon Pynn aliiweka glavu juu ya benchi la mahabusu, kati yake na mzee Eleazar Noftall. Ilikuwa ya sufu nyekundu, ya mtindo wa wawindaji wa sili: gumba peke yake, kidole cha kufyatulia bunduki peke yake, na vidole vingine vyote vimejazana ndani ya mfuko mmoja. Ya mkono wa kulia. Walikuwa wameitoa kwa shida kwenye ngumi ya maiti.

"Basi niambie uliiacha wapi."

"Sikumbuki."

"Mzee wangu, saa nane mchana unapandishwa kizimbani. Jaji Winsor akisema una kesi ya kujibu, ni kesi ya mauaji, na mauaji ni kitanzi. 'Sikumbuki' haitakuvua kamba shingoni."

Mzee alicheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani. "Siku ile nilipita kila mahali. Nilikwenda kilabuni. Nilikwenda mahakamani kuzima majiko. Nikapasua kuni kwenye nyumba kadhaa huko juu. Glavu zililowa, nikazianika mahali, nikasahau. Nilikuwa na hasira, mwanangu. Mtu mwenye hasira haangalii glavu zake."

Hasira hiyo ndiyo iliyomfikisha pale. Serikali ya koloni ilikuwa imeamua kuivunja Mahakama ya Pwani na kuiunganisha na Mahakama Kuu, na mji mzima ulikuwa unajadili nani atastaafu na pensheni na nani atastaafu na asante. Eleazar alikuwa mpiga mbiu wa mahakama hiyo, mwenye kufungua na kufunga vikao kwa sauti, tangu ana nywele nyeusi. Kilabuni walimwambia wadogo hawapati kitu. Aliyeombwa na Gavana kutoa ushauri wa sheria juu ya jambo hilo ni wakili Septimus Rendell, na Eleazar, ambaye koo lake limezoea kusikika hadi bandarini, alisimama Jumanne kwenye ngazi za mahakama akamwambia Rendell mbele ya watu kwamba atatangulia kufa, na kwamba jeneza likipita yeye Eleazar kofia hatavua.

Asubuhi yake Rendell alikutwa chini ya Ngazi Ndefu, zile za mbao zinazopanda kutoka mtaa wa chini hadi mtaa wa juu, amefunikwa na theluji ya usiku kucha. Shingo ilikuwa imevunjika. Kifuani alikuwa na alama ya kusukumwa, na mkononi glavu ya Eleazar.

"Na kofia nilivua," mzee alisema polepole. "Niliposikia. Nilivua, Gideon, Mungu shahidi."

Konstebo Dalton, kijana mwenye masharubu ya kuazima heshima, alikuwa mlangoni na funguo. "Afande, Mkuu anasema kesi hii hata bibi yake angeimaliza. Anauliza tunangoja nini."

"Mwambie nangoja bibi yake," alisema Pynn, akavaa koti.

Lakini moyoni hakuwa na mzaha. Kitu kimoja kilimkaa rohoni tangu siku ile: kofia ya Rendell waliikuta juu, kileleni mwa ngazi. Ofisi yake iko chini na nyumba yake iko juu. Ngazi alikuwa ameshazimaliza kuzipanda. Basi alisimama na nani pale kileleni, uso kwa uso, hadi akaanguka kinyumenyume? Na kwa nini hakuwa amefika nyumbani kwake, umbali wa nyumba chache tu?

*

Lionel Carnell, mshirika wa marehemu, alimpokea ofisini miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto yenye haradali. Alikuwa na mafua yasiyo na huruma.

"Siwezi," alisema kabla Pynn hajakaa.

"Sijauliza bado."

"Unataka kujua Septimus alikuwa anamshauri nini Gavana. Ushauri wa wakili kwa serikali ni siri ya serikali. Gavana peke yake ndiye wa kunifungua mdomo, na ana nafasi kesho."

"Kesho Eleazar atakuwa gereza kuu anasikiliza mafundi wakipiga misumari kwenye jukwaa la kitanzi."

"Nasikitika. Kweli nasikitika." Alipenga kamasi kwa sauti ya tarumbeta. "Lakini nikisema, mimi si wakili tena."

Pynn alizungusha kofia yake mikononi. Saa ya ukutani ilikuwa inatembea bila haya.

"Basi tuache sheria, tuzungumze adabu. Wakili akitaka kutoa ushauri utakaomuumiza mwenzake, mtu wa sheria kama yeye. Anafanyaje?"

Carnell aliishusha leso. "Anamwendea. Anamwambia usoni, kabla hajauwasilisha. Kumwacha mwenzako akasikie kwenye Baraza la Gavana ni ushenzi. Septimus hakuwahi kuruka hilo hata mara moja. Alimwendea hadi mtu aliyekuwa hasalimiani naye."

"Mpiga mbiu naye huendewa hivyo?"

"Mpiga mbiu? Yule si mwanasheria."

"Kwa hiyo Jumanne jioni, alipoaga hapa, hakuwa anakwenda kumtafuta Eleazar."

"Alisema, 'Lionel, nakwenda kufanya jambo baya, niwekee mvinyo kidogo.' Sikumwona tena." Macho ya Carnell yalikuwa mekundu, na si mafua peke yake.

"Alikwenda kwa nani?"

"Siwezi, Inspekta."

"Sheria ya pensheni imechapwa, inauzwa dukani. Hiyo si siri ya Gavana. Inasemaje kuhusu mtu aliyekaimu cheo?"

Carnell aliyatazama maji yake. "Miaka ya kukaimu haihesabiwi. Kaimu ni kaimu, hata akiota mvi kitini. Ofisi ikivunjwa anakwenda nyumbani kama alivyokuja."

"Na mtu aliyeajiriwa kwa saini ya Gavana? Mpiga mbiu, kwa mfano?"

"Huyo ana haki yake kamili, na Septimus alikuwa ame..." Aliuma midomo. "Toka ofisini kwangu. Maji yanapoa."

Pynn alitoka. Nje alisimama, jina limemjia. Mji mzima ulimwita Augustus Winsor Jaji Winsor, na yeye Pynn pia. Nani alikuwa anakumbuka kwamba jaji wa kweli alikwenda Uingereza zamani kutibiwa macho, akafia huko, na Winsor akawekwa kushikilia kiti kwa muda? Ule muda ulikuwa haujaisha. Kila Gavana aliyekuja aliukuta na kuuacha. Ushauri wa Rendell ulikuwa unampa pensheni mpiga mbiu na kumnyima jaji.

Na saa nane jaji huyohuyo ndiye atakayeamua kama Eleazar ana kesi ya kujibu, kwa kuwa mwingine wa kukaa kitini hakuwepo hadi barafu ya bahari ifunguke na meli ziingie.

Lakini sababu ya kuua si ushahidi wa kuua. Mkono wa Pynn ulikuwa mtupu. Alianza kuzipanda Ngazi Ndefu kama mtu anayekwenda kung'olewa jino na fundi mlevi.

*

Kileleni, Bi Tizzard alikuwa anaondoa theluji mlangoni kwake kwa beleshi. Mwanamke huyu hakuwahi kumwona polisi akamwacha apite hivihivi.

"Inspekta! Mbona umekonda? Au mzee Eleazar anakula chakula chako na chake?"

"Anakula vizuri kuliko mimi, mama."

"Mwachieni. Yule hawezi kuua nzi bila kumsomea kwanza hati ya mashtaka."

Pynn alitabasamu kwa adabu. Mtaa mzima mapazia yalikuwa chini, nyumba zote, mwanga umekatazwa kuingia mpaka jeneza la Rendell litoke. Ndivyo tunavyofanya. Nyumba ya jirani ikifiwa, na yako inafumba macho. Asiyeshusha mapazia hata mbwa wake hasalimiwi.

"Mama, wewe ulishusha lini?"

"Swali gani hilo? Si wewe uliyeniambia? Ulitokeza hapo kwenye ngazi, uso mweupe, unakwenda kumwambia mjane. Nikakuuliza, ukasema, nikaingia ndani nikashusha. Kisha nikavuka nikawaambia wa pili, nao wakawaambia wa tatu. Kabla wewe hujafika kwa Rendell, mtaa ulikuwa umekwisha kufumba."

"Kabla yangu nani alikuja na habari?"

"Nani angekuja? Theluji ilikuwa hadi kiunoni. Hata mwuza maziwa hakupanda siku ile. Nyayo zako zilikuwa za kwanza, nilizitukana kwa kunichafulia kizingiti."

Pynn alisimama na mguu mmoja hewani. Asubuhi ile ilimrudia yote: kutweta kwake, ngazi ya mwisho, kichwa chake kinatokeza kileleni. Jua lilikuwa limeshapanda na mtaa mzima ulikuwa wazi, vioo vinameta. Mtaa mzima, isipokuwa nyumba ya kwanza mkono wa kushoto. Pale mapazia meupe yalikuwa chini, yote, juu na chini, na yeye akawaza, watu waungwana hawa, wameshapata habari. Aliwaza hivyo akapita. Alikuwa amebeba habari hiyo mwenyewe, haijamtoka mdomoni, na bado akawaza hivyo.

Nyumba ya kwanza mkono wa kushoto ilikuwa ya Jaji Winsor.

*

Aliyemfungulia ni Bi Honoria, dada yake jaji, mwanamke mrefu aliyemtunzia kaka yake nyumba tangu ujana wao wote wawili. Hakuolewa, na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika. Sebuleni, kama desturi ya msiba, saa ilikuwa imesimamishwa na kioo kimefunikwa kitambaa. Aliweka chai na mkate wa zabibu, maana hata polisi ni mgeni.

"Kaka ameshakwenda mahakamani," alisema. "Amekwenda mapema."

"Sikuja kwa Jaji, Bi Honoria. Nimekuja kukuuliza jambo dogo. Nani alikuletea habari ya msiba?"

Kikombe kiligonga kisahani. "Habari zinapanda kilima zenyewe, Inspekta."

"Siku ile nilizipandisha mimi. Nilipofika, mapazia yako yalikuwa yameshashuka."

Pynn aliacha chai ipoe. Jikoni, kupitia mlango ulio wazi, aliona kamba ya kuanikia nguo juu ya jiko na sanduku la kuni karibu tupu.

"Mapazia yangu ni ya zamani," alisema Bi Honoria hatimaye. "Mara nyingine yanashuka yenyewe."

"Yote?"

"Unataka nini kwangu?"

"Saa nane Eleazar Noftall atasimama mbele ya kaka yako. Mimi ndiye nitakayesimama upande wa serikali, na mimi ndiye ninayeita mashahidi. Ukija, nitakuita. Usipokuja, nitakuwa sina mtu, na yule mzee atakwenda kitanzini."

"Unaniambia nikasimame mbele ya Augustus?"

"Siwezi kukulazimisha. Ningekuletea hati ya wito, ingebidi isainiwe na jaji." Alinyanyuka. Alijiona mkatili, na alikuwa mkatili. "Nani anakupasulia kuni siku hizi, Bi Honoria?"

Mama wa watu alishika ukingo wa meza. Pynn aliteremka kilima bila kujua kama ameokoa mtu au amempoteza.

*

Chumba cha mahakama kilijaa hadi watu wakakaa madirishani. Koti za sufu zilizolowa zilitoa mvuke na harufu ya samaki wa chumvi. Pynn alitazama mlango. Alitazama saa. Alitazama mlango tena. Bi Honoria hakuwepo.

Jaji Winsor aliingia, mwembamba, nadhifu, nywele nyeupe kama zilizopigwa pasi. Alikaa. Kikafuata kimya cha ajabu, na ndipo kila mtu alipotambua tatizo: mahakama haifunguki bila mpiga mbiu, na mpiga mbiu alikuwa kizimbani.

"Konstebo Dalton," alisema jaji. "Fungua mahakama."

Dalton alikohoa. "Sikilizeni... sikilizeni. Wote wenye... wenye mashauri ya Malkia, yaani, mbele ya... sogeeni karibu ili..." Kicheko kilianza nyuma. Dalton akawa mwekundu hadi masikioni.

Halafu sauti ikatoka kizimbani, nzito, ile iliyozoea kusikika hadi bandarini.

"Sikilizeni! Sikilizeni! Sikilizeni! Enyi wote wenye shauri mbele ya Mahakama ya Malkia ya Pwani, sogeeni mtoe neno lenu, nanyi mtasikilizwa! Mungu amlinde Malkia!"

Watu walisimama bila kuambiwa. Mzee Eleazar alifunga mdomo, kama aliyeshtukia alipo, akashika ukingo wa kizimba. Jaji alikuwa anatazama meza yake.

"Inspekta Pynn. Serikali ina mashahidi?"

"Ninao, Mheshimiwa." Aliita daktari, akamhoji polepole kuliko ilivyohitajika. Daktari alieleza shingo, kifua, ngumi. Pynn akamwita mwanamke aliyeikuta maiti, akamuuliza habari za theluji mpaka jaji akakunja uso.

"Inspekta, tunajua theluji ni nini. Una shahidi mwingine?"

Mlango ulikuwa umefungwa. Nyuma, Mkuu wake alikuwa anamtazama kwa jicho la kuuliza. Pynn alifungua kinywa bila kujua atasema nini.

"Nina mmoja, Mheshimiwa. Namwita..."

Mlango ulifunguliwa. Watu walijibana, wakaacha njia. Bi Honoria aliingia na nguo nyeusi, mfuko wa kufumia mkononi, akapita katikati yao hadi mbele kana kwamba anakwenda kupokea sakramenti.

"Namwita Bi Honoria Winsor."

Jaji angeweza kukataa. Pynn alingoja akatae. Kalamu ya jaji ilikuwa imesimama vidoleni, wino unadondoka kwenye karatasi.

Shahidi aliapishwa. Pynn alimsogelea. "Bi Honoria, asubuhi ile nilipopita, mapazia ya nyumba yako yalikuwa chini. Hakuna aliyekuwa ameleta habari mtaani. Kwa nini uliyashusha?"

"Kwa sababu alikuwa amekufa."

"Ulijuaje?"

Hakumtazama Pynn. Alimtazama kaka yake. "Augustus, sikuweza. Septimus alikuwa jirani yetu. Alikula kwangu kila Krismasi. Ningemwacha amelala kwenye theluji na nyumba yangu imekodoa macho? Uliniambia nikae kimya nikakaa. Hukuniambia kuhusu mapazia."

Waliokaa madirishani waliinama mbele.

"Alikuja jioni kumwambia kuhusu pensheni," aliendelea, sasa kwa mahakama yote. "Alimwambia vizuri. Alisema, 'Wewe ni kaimu, Augustus, sheria hainiachii njia.' Alipotoka, kaka alimfuata. Alipitia jikoni gizani, akachukua glavu zilizokuwa kwenye kamba, hakuangalia za nani. Eleazar alikuwa amenipasulia kuni mchana. Kaka alirudi na moja. Akaniambia Septimus amekufa ngazini, na glavu niichome." Alifungua mfuko wake wa kufumia. "Sikuichoma. Naijua kazi ya mke wake. Tulikuwa tunafuma pamoja."

Akaiweka mezani glavu nyekundu ya mkono wa kushoto. Kidole gumba kilikuwa kimekosewa upande uleule.

Kizimbani, mzee Eleazar aliinamisha kichwa akalia bila sauti, mabega tu.

Pynn alimgeukia jaji. "Mheshimiwa, serikali inaondoa shtaka dhidi ya Eleazar Noftall. Tunaomba amri ya mahakama."

Amri haikuja upesi. Augustus Winsor aliichomeka kalamu mahali pake. Aliitazama glavu, akamtazama dada yake, na Pynn aliona jambo ambalo hakulitarajia: mtu yule alikuwa amepumzika.

"Mshtakiwa aachiwe huru," alisema. Sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote. Akainuka, akavua joho, akalikunja vizuri na kuliweka juu ya kiti, kisha akaenda kwenye mlango wa nyuma, ambako Dalton alikuwa amesimama hajui aweke wapi mikono yake. Wakatoka pamoja.

Watu hawakusogea. Mahakama ilikuwa haijafungwa. Waligeuka mmoja mmoja kumtazama Eleazar, naye akafuta uso kwa kiganja, akasimama wima.

"Enyi wote mliokuwa na shauri leo," alisema, na safari hii sauti ilimpasuka, "nendeni majumbani kwenu kwa amani. Mungu amlinde Malkia."

Ndipo walipoanza kutoka, kwa minong'ono, wakimpisha Bi Honoria mbali kuliko ilivyohitajika. Alibaki peke yake mbele, mfuko mtupu mkononi.

Eleazar alishuka kizimbani taratibu, goti moja likimuuma. Alifika alipokuwa mama yule, akasimama.

"Kuni zimebaki, Bi Honoria?"

"Zimekwisha." Aliukunja mfuko. "Tangu Jumanne hakuna aliyepasua."

"Basi twende."

Alitangulia mbele yake kwenda kwenye baridi, kama alivyotangulia mbele ya kaka yake miaka yote kuingia mahakamani, mikono ameisokomeza mifukoni. Glavu zake zote mbili zilikuwa zimebaki juu ya meza, vielelezo vya serikali.